Mlio wa Friji ya Bungoma

Kwa miaka mingi simu ya Fridah Nakhungu ilikuwa na mlio mmoja ambao nyumba nzima iliujua. Ulikuwa mlio mwembamba wa haraka haraka, kama kifaranga aliyekanyagwa mguu, na maana yake ilikuwa moja tu: friji ya Bungoma imeanza kupata joto. Ukilia wakati wa chakula, Fridah alisukuma sahani pembeni. Ukilia kanisani, aliinuka kwa adabu, akainamisha kichwa, akatoka nje kupiga simu. Mume wake, Mzee Walubengo, mwalimu mstaafu anayelima mahindi pale Kiminini, alizoea kusema, "Haya, mume mwenzangu anakuita. Nenda, mimi nitakula peke yangu."

Halafu mlio ukahama. Si kwamba friji ilipona. Mlio ulitolewa kwenye simu ya Fridah ukawekwa kwenye simu ya Lorna Jelagat, msichana ambaye Fridah mwenyewe alimfundisha kazi. Mtu asiyejua mambo ya moyo angesema mama wa watu amepumzishwa mzigo. Fridah mwenyewe aliona kama amefunguliwa kanga mgongoni na mtoto akachukuliwa.

Fridah alizaliwa Bokoli. Baba yake alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, wakati ule king'ora cha kiwanda kikiamsha watu wa upande wote ule. Akiwa msichana mdogo ndiye aliyempelekea baba chakula cha mchana, na alipenda kukaa kwenye gunia kumwangalia akifanya kazi. Mtu akija kuchukua bolti, baba hakukimbilia rafu. Alimuuliza kwanza ameamkaje, mashine gani imevunjika, na nani huiendesha.

"Baba, si umpatie tu aende," Fridah alimwambia siku moja.

"Mashine haina mdomo," baba akasema. "Muulize mtu anayeshinda nayo."

Kiwanda kiliposimama, baba alirudi shambani na fungu la funguo zisizofungua mlango wowote. Aliziweka juu ya kabati mpaka alipoitwa na Bwana. Fridah alirithi mikono ya baba yake. Alisomea mambo ya stoo, akafanya kazi kwenye stoo za dawa za hospitali mbalimbali, na mradi wa utafiti ulipofika Kitale akawa mmoja wa watu wa kwanza kuajiriwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa chanjo mpya ya malaria kwa watoto wachanga. Kulikuwa na kliniki mbili, kubwa ya Kitale na ndogo ya Bungoma. Chanjo ilikuja kwa ndege mpaka Nairobi, ikapanda na gari la baridi mpaka stoo ya Kitale, na kutoka hapo Fridah aliigawa, nyingine ibaki, nyingine iteremke Bungoma. Ndani ya kila katoni kulikuwa na chupa za chanjo mpya na chupa za dawa nyingine ya kulinganisha nayo, zote zimevaa karatasi sawa kama watoto wa shule moja. Ipi ni ipi hakujua muuguzi, hakujua daktari, hakujua mama wa mtoto, wala Fridah hakujua. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha chupa zinafika, zinakaa kwenye baridi isiyogandisha, hazipungui siku ya mtoto ikifika, na hazikai mpaka zikapitwa na wakati. Alipenda kuwaambia wageni, "Hii ikiharibika, sijamwaga dawa peke yake. Nimemwaga jibu ambalo akina mama wanalingojea."

Lorna alikuja kwake akiwa mwanafunzi wa diploma, mtoto wa wakulima wa upande wa Endebess, amevaa raba zilizochoka na hofu tele machoni. Fridah alimpa chai. Alimfundisha kuacha vipande vya barafu nje mpaka vitoe jasho kabla ya kuvipanga kwenye kisanduku cha safari, ili visigandishe chanjo, na kwamba Kitale asubuhi barafu huchelewa kutoa jasho kwa sababu ya baridi, usiwe na pupa. Alimfundisha kufunga stoo kwa kufuli mbili, kila kufuli na mtu wake, na kuomba kabla ya kufungua. Lorna akamwita Mama, naye Fridah akafurahi kuitwa. Baadaye msichana akajiunga na chuo kikuu pale Kibabii, akawa anasoma huku anafanya kazi, na Fridah ndiye aliyemshikia zamu wakati wa mitihani.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa ugavi wa kliniki zote mbili. Waliomba wote wawili. Fridah aliingia kwenye mahojiano na gauni lake la buluu la akina mama wa kanisa, amejiandaa na amefunga. Daktari Kiptum, mkuu wa utafiti, alimuuliza, "Mama Fridah, ukiwa hapa Kitale, utawaongozaje watu wa Bungoma?"

"Friji zote mbili zitakuwa machoni pangu, daktari. Kengele ikilia, wa kwanza kusikia ni mimi."

Akatoka akijua amejibu vizuri. Nafasi ikaenda kwa Lorna.

Daktari alimwita ofisini kumfariji. "Mama Fridah, wewe ndiye nguzo yetu," akasema kwa upole. Fridah alishukuru. Njiani kurudi stoo alikuwa akifikiri kwamba nguzo ni kitu ambacho watu hukichimbia chini, halafu wao wakaenda zao.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomwingia. Wivu wa mtu mbaya ungekuwa rahisi, angetukana ukaisha. Wivu wa mtu anayempenda Mungu unajificha ndani ya adabu, na humo unanenepa. Lorna akanunua viatu vya kisigino, na Fridah akawa anavisikia kutoka mwisho wa korido, ko, ko, ko, kila hatua kama inamkanyaga kwenye mbavu. Lorna akapewa ofisi yenye dirisha linalotazama Mlima Elgon. Fridah hakuwahi kuutamani mlima ule maishani mwake, lakini sasa ukawa mali yake aliyonyang'anywa. Lorna akiongea na wakubwa wa Nairobi kwa simu akacheka, Fridah alijua kwamba anachekwa yeye. Daktari akisema "Lorna wetu", Fridah alirudia lile "wetu" kichwani mchana kutwa, akilichambua kama mchele wenye mawe.

Kilichomuuma zaidi, aibu hata kukisema, ni ule mlio. Walikuwa wakipanga katoni siku moja, kifaranga akalia kwenye mfuko wa koti la Lorna. Mkono wa Fridah ukaruka wenyewe mpaka kwenye mkoba wake, ukakuta simu imenyamaza. Lorna alishasimama pembeni, ameshika sikio, anaongea na Bungoma. Fridah akajifanya anatafuta kitambaa.

Asubuhi kabla ya kufungua stoo maombi bado yalikuwa ya Fridah, kwa sababu ya umri wake. Yakaanza kuwa marefu. "Bwana, wewe unawaona wanaojiinua," akaomba. "Wewe unajua kuwashusha. Tukumbushe, Baba, kwamba aliyetangulia katika shamba lako hatupaswi kumsahau." Na Lorna, amefumba macho, akaitikia amina kwa moyo wote, kiasi kwamba Fridah akamwonea wivu hata ile amina.

Nyumbani mume wake alimsikiliza akiomba hivyo hivyo, akapumua. "Sasa mama, huyo msichana unamwombea ama unamshtaki?"

"Namwombea."

"Mimi ningekuwa yeye ningetafuta wakili."

Wiki ile ya kukabidhiana kazi, Lorna alikuja stoo bila koti, akavuta kiti kama zamani. Walipitia mambo ya Kitale, mambo ya magari, mambo ya kuagiza kutoka Nairobi. Mwishowe akauliza, "Na Bungoma, Mama? Kuna kitu hakijaandikwa mahali ambacho nafaa nijue?"

Kilikuwepo. Jenereta ya Bungoma zamani ilikuwa ikijiwasha stima zikipotea, lakini tangu ipigwe na radi ilikuwa lazima ivutwe kamba kwa mkono, na ina ujanja wake. Aliyeujua vizuri ni Wabwile, mlinzi. Lakini Wabwile ni Msabato. Jua likizama Ijumaa huyo mtu anazima simu, na hagusi kazi mpaka Jumamosi jioni. Aliyebaki kuijua ile kamba ni Sifuna, mkata nyasi wa kliniki, na Sifuna Jumamosi huuza kuku soko la Chwele, kwa hiyo asipoambiwa Ijumaa humpati. Miaka yote Fridah alimpigia Ijumaa, na gari likishuka Bungoma akamtumia viazi vya Kitale kumshukuru. Hakuliandika jambo hilo popote. Aliogopa wakubwa wakilisoma watasema Wabwile achague kati ya Sabato na mshahara. Ilikuwa siri ya wema, kati yake na wale watu wawili.

Hayo yote yalimjia mdomoni. Akamwangalia Lorna, akaviona vile viatu.

"Kila kitu kiko kwa faili, madam," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita madam. Lorna alizungusha kalamu mkononi. "Asante, Mama," akasema, akarudisha kiti mahali pake.

Mambo yakatulia kwa muda. Kisha ikaja wiki ambayo watoto wengi wa Bungoma walikuwa karibu na siku yao ya kuchanjwa. Alhamisi gari likateremka na katoni nyingi kuliko kawaida, friji ya kule ikajaa mpaka mlangoni. Ijumaa mchana likaja tangazo kwenye simu za watu wote: kesho stima hazitakuwepo Bungoma kutwa nzima, nguzo zinabadilishwa.

Fridah alilisoma nyumbani baada ya kazi, akiwa anamenya maharagwe. Mkono ukaenda kutafuta jina la Sifuna. Ukasimama juu ya jina.

"Yeye ndiye msimamizi," akasema moyoni. "Asimamie."

Akaweka simu chini ya mto wa kiti, akamaliza maharagwe. Jioni jua lilizama nyuma ya mlima, jekundu na taratibu, naye akalitazama kwa dirisha la jikoni akijua kule Bungoma Wabwile anazima simu yake.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikao cha akina mama wa kanisa lao la Marafiki, yaani Quaker, pale Kitale. Waliimba, wakasoma neno. Halafu mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akasema, "Tuwaombee watoto wetu, malaria imezidi. Dada Fridah, wewe unayefanya kazi ya chanjo, tuongoze. Lakini tukae kwanza kimya, tumsikilize Bwana."

Wakakaa kimya. Kwa Marafiki kimya si kitu cha mchezo, kinaweza kwenda mpaka ukasikia saa ya ukutani ya jirani. Fridah alifumba macho, na badala ya Bwana, akajikuta anausikiliza mkoba wake. Alikuwa anangoja mlio. Mahali fulani sasa hivi kifaranga analia, akafikiri, analia kwenye mfuko wa mtu ambaye hajui afanye nini, na mimi ninayejua nimekaa hapa nimefumba macho kama mtakatifu. Akawaona akina mama wa Bungoma wamebeba watoto, wakiambiwa warudi nyumbani. Akaona katoni zinatolewa kwenye friji kwenda kuchomwa moto.

"Samahani mama mwenyekiti," akasema, na kimya kikavunjika. "Naomba mtu mwingine aombe."

Nje ya kanisa akampigia Sifuna. Mteja hapatikani. Akampigia Wabwile akijua ni bure. Ikabaki namba moja. Aliitazama kama mtu anayetazama dawa chungu kwenye kijiko, kisha akapiga. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikalia mpaka ikakatika. Mara ya tatu haikupatikana kabisa.

Akapanda gari la kwanza la kwenda Webuye, na gauni lake la buluu.

Njia yote alikuwa akiomba, na ndani ya maombi yake akasikia jambo lililomtisha. Mdomo ulisema, Bwana, okoa ile chanjo. Lakini chini ya mdomo palikuwa na sauti nyingine, tulivu, yenye akili, iliyosema: iharibike kidogo. Isiharibike yote. Kidogo tu, kiasi cha wewe kufika ukaivuta ile kamba mbele ya watu, na daktari ajue ni nani alifaa kupewa kazi. Fridah alifumbua macho. Walikuwa wanapita Misikhu. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuomba maombi mawili kwa wakati mmoja, na moja likawa la namna ile.

Pale Webuye, akingoja gari la pili, aliona mabomba marefu ya kiwanda, yamesimama bila moshi. Akakumbuka zile funguo za baba juu ya kabati. Baba alikuwa akizipangusa kila Jumapili kabla ya kanisa, ufunguo mmoja mmoja, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Alisikia jenereta kabla hajafika kwenye geti la kliniki. Ilikuwa inanguruma vizuri, bila kukohoa.

Sifuna alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kandokando ya chumba cha jenereta. Mbele yake kulikuwa na kuku waliofungwa miguu, wamepangwa kwenye kivuli kama wako sokoni.

"Ala, Mama Fridah," akasema. "Na wewe umekuja? Leo hii jenereta imepata wageni wakubwa bana."

"Hawa kuku ni wa nini hapa?"

"Wa kuuza. Madam alisema nisikose soko kwa sababu ya friji. Akasema nilete kuku hapa kwa geti, ati atawaambia manesi na majirani. Wamebaki hawa tu. Huyu mweupe ni wa madam mwenyewe, usimwangalie sana."

"Lorna ndiye alikuambia uje?"

"Si ndiye. Alikuja huku kitambo, akakaa na Wabwile kwa benchi wakanywa chai. Akamuuliza, wewe usipokuwepo nani anashinda na hii friji? Wabwile aliogopa, ukweli usemwe. Alidhani akisema mambo ya Sabato atafutwa. Madam akamwambia Sabato yake ni yake, yeye anataka tu kujua Jumamosi apigie nani." Sifuna akacheka. "Alinipigia jana mchana. Ningekupigia nikuambie usijali, lakini simu imekufa, na hapa stima yote ni ya friji. Amekataa hata nichaji."

Fridah alisimama pale na mkoba wake. Chanjo ilikuwa salama. Alijua anapaswa kushukuru, na alishukuru. Lakini kijiba kilimchoma mara moja zaidi, kilichoma kweli kweli, kwa sababu hata ile siri ya Wabwile na Sabato yake, ambayo aliamini hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuaminiwa nayo, ilitolewa kwa kikombe kimoja cha chai.

Lorna alitoka kwenye chumba cha friji. Hakuwa na visigino. Alikuwa amevaa gambuti za mpira za Sifuna zilizomzidi, mikono ina oili mpaka kwenye viwiko. Alipomwona Fridah alisimama mlangoni.

"Mama."

"Nilikupigia," Fridah akasema.

"Niliona." Lorna akajipangusa mikono kwa gazeti, polepole. "Mara mbili niliona nikaacha ilie. Halafu betri ikaisha. Nilidhani unapiga kunicheka."

Sifuna aligundua ghafla kwamba kuku wake wanahitaji maji, akaenda kuyatafuta mbali.

"Nilijua haya yote," Fridah akasema. "Siku ile uliponiuliza. Nilijua mambo ya Wabwile, na kamba, na Sifuna. Nikakuambia yako kwa faili."

"Najua, Mama. Wabwile aliniambia ni wewe ulikuwa ukipanga."

"Na hukuja kuniuliza tena."

"Nilikuwa na hasira." Lorna alitazama chini, kwenye zile gambuti. "Uliniita madam. Nililia siku hiyo chooni, ukitaka kujua. Halafu nikasema, sawa, nitamwonyesha naweza bila yeye. Leo nimevuta hiyo kamba mpaka bega linaniuma, na Sifuna yuko hapa hapa, angeivuta yeye. Nilitaka tu niwe mimi."

Fridah alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu yale mahojiano hakuona viatu, wala dirisha, wala mlima. Aliona uso wa mtu anayeungua na moto ule ule.

"Nani alikufundisha kumuuliza Wabwile?" akauliza.

"Wewe. Siku yangu ya kwanza. Ulisema friji haina mdomo, muulize mtu anayeshinda nayo."

Fridah akakaa juu ya ndoo ya Sifuna. Yale yalikuwa maneno ya baba yake, yametoka kwenye stoo ya bolti, yakapitia kwake, yakamfikia mtoto wa Endebess, na yeye mwenyewe aliyeyapitisha aliyasahau mbele ya daktari siku ya mahojiano, akajibu habari za kengele.

Mara stima zikarudi. Jenereta ilizimwa, friji ikahama kutoka nguvu moja kwenda nyingine, na simu ya Lorna, ambayo alikuwa ameichomeka ukutani dakika ile ile na kuiwasha, ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa mguu. Fridah aliruka kutoka kwenye ndoo, mkono uko ndani ya mkoba. Lorna alimwona. Fridah alijua ameonwa. Walitazamana, na aliyeanza kucheka ni Fridah.

Walipohakikisha kwamba baridi iko sawa, Lorna alisema, bila kumtazama, "Huu mtambo wa kengele unakubali namba mbili za simu. Nilipokabidhiwa nilikuta ya pili haijawahi kuwekwa."

Ni kweli haikuwekwa. Miaka yote Fridah aliiacha wazi. Alikuwa akijiambia ni kwa usalama, lakini sababu ilikuwa ile ile iliyomfanya mume wake acheke mezani. Hakutaka friji ile imwite mtu mwingine.

"Nikuwekee yako?" Lorna akauliza.

Moyo wa Fridah ulisema ndiyo kabla hajafungua mdomo. Uliruka kabisa. Ilimbidi aushike kama mtu anayeshika kuku mlangoni.

"Hapana," akasema. "Weka ya Wabwile. Jumamosi si huwa anaizima, basi amwachie Sifuna simu ikiwa imewashwa. Mimi niko Kitale, ikilia kwangu nitafanya nini? Nitapiga tu makelele." Akatafuta la kuongeza. "Mimi niachie viazi. Viazi vya Sifuna nitaendelea kuvileta mimi."

"Viazi ni vyako, Mama," Lorna akasema.

Walirudi Kitale kwa gari la mradi, na kuku mweupe miguuni mwao. Hawakuongea mengi. Lorna alisinzia kuanzia Kamukuywa, kichwa kikamwangukia Fridah begani, na Fridah hakukisogeza, ingawa nywele zake zilinuka dizeli na gauni la buluu ni la kuoshwa kwa mkono.

Mzee Walubengo alikuwa mezani alipofika. "Nilisikia umeacha maombi katikati," akasema. "Mume mwenzangu alikuita?"

"Hajaniita. Ameoa kwingine."

Mzee akamtazama vizuri, akaacha utani, akamsogezea ugali. Fridah alikula chakula chake kikiwa moto mpaka mwisho, na sahani haikusukumwa.

Usidhani kijiba kilikufa siku hiyo. Jumatatu asubuhi, amesimama mbele ya zile kufuli mbili, alivisikia visigino vikija kutoka mwisho wa korido, ko, ko, ko, na mbavu zikamchoma palepale pa siku zote. Lorna akafika, akasimama kando yake na ufunguo mkononi, akafumba macho akingoja maombi marefu.

Fridah aliomba mafupi.

"Bwana, mbariki Lorna," akasema. Alitaka kuishia hapo, ikamshinda. "Na mimi pia usinisahau."

"Amina," Lorna akasema, na kila mmoja akaingiza ufunguo wake.